Pedali Ninazokurudishia, na Zile Ninazotaka

Mpendwa Yaya Ramazani, kaka yangu mkubwa,

Unisamehe kwa kunyamaza muda huu wote. Sauti zako nilizisikia zote kwenye simu, hadi ile ya mwisho uliyouliza kama nimebadilisha namba. Sikubadilisha. Kila nikitaka kujibu nilibaki na simu mkononi, mpaka mwanangu Salima ananinyang'anya aangalie picha. Sasa naandika kwa sababu Baba Salima anarudi barabarani na lori, na kuna kitu anakubebea mpaka huko Johannesburg. Na pia kwa sababu karatasi haiulizi "uko unalia?" Silii, Yaya. Tangu mama aende sijalia. Niko tu.

Kitu anachokubebea ni zile pedali za baiskeli ulizonitumia na vile viatu vyake. Nakurudishia. Usikasirike kwanza, soma.

Najua ulizichagua kwa roho yako yote. Ulisema kwenye simu: "Mdogo wangu, hizi njo za kweli. Hata hapa dukani kwetu hatuzipate kila siku." Zilipofika niliziweka mezani na majirani walikuja kuziangalia kama mtoto mchanga. Mama Kapinga, yule jirani Mkasai wa nyumba ya kona aliyekuwa anakupigia makofi ukirudi mazoezini, alishika moja akaigeuza, akaigeuza tena. "Hii njo pedali? Mi nilizania ni kitu ya kufungulia chupa." Nilimwonyesha kibati kilicho chini ya kiatu, jinsi kinavyoingia na kunasa, kikilia taka!, na jinsi unavyosukuma kisigino nje ili kitoke. Akasema: "Basi hii kinga, baiskeli yako, ikikatala kukuachilia, utaenda nayo mpaka kitandani." Nilicheka kidogo. Ndicho kicheko pekee ninachokumbuka tangu msiba.

Nilikukumbuka nawe, siku ile hapa Musonoi uliponifundisha kuendesha baiskeli. Ulikata mpira wa ndani wa tairi ukafanya mikanda, ukafunga miguu yangu miwili kwenye pedali. Wewe mwenyewe ulikuwa unafungwa hivyo kwenye mashindano, ukaona hata mimi nitafaa. Ulisema: "Mguu ukijua hautoki, unaacha kuogopa, unaanza kutumika." Mama alitoka jikoni alikokuwa anasonga bukari, mwiko bado umejaa mkononi. "We Ramazani! Unamufunga mutoto sawa mbuzi ya Idi? Akianguka, njo mi nitamufungula?" Ulimjibu: "Mama, mi niko namushika." Na saa ileile ukaniachilia. Nilienda, Yaya. Nilienda mpaka kwenye ukuta wa ile stoo ya unga, na mama nyuma yangu anakimbia na mwiko, anatukana, na kufika kwake akawa anacheka hadi akakaa chini kwenye vumbi. Bukari ilimwagikia kitenge chake. Kitenge kile kiko hapa kwangu. Alama haijatoka vizuri.

Kwa hiyo usifikiri nimezikataa pedali za kunasa. Nazitaka. Nitakueleza kwa nini, maana wewe umeondoka siku nyingi na hujui njia yangu ya sasa.

Zamani mama alikuwa anabaki na Salima nyumbani, na mimi naenda kazini peke yangu. Sasa kila asubuhi ninamfunga Salima mgongoni na kitenge, ninachukua baiskeli yako ileile uliyoniachia, ninampeleka kwa dada yake Mama Kapinga anayekaa kule kwenye barabara kubwa, kwa sababu Mama Kapinga mwenyewe anaenda sokoni. Kutoka pale ninapanda peke yangu ile milima hadi Manika, kwenye kliniki, ninapofua mashuka. Malori ya madini yanapita karibu, vumbi huoni mbele, na mvua ikinyesha barabara inakuwa sabuni. Sandale zangu zinateleza kwenye pedali. Kabla ya vitu vyako kufika mguu uliniponyoka, pedali ikanichana mguu mbele, na Salima alikuwa mgongoni. Hatukuanguka. Alisema tu, "Mama, damu," kama mtu anayesema, "Mama, mvua."

Na kuna jambo lingine. Miguu yangu haina nguvu siku hizi. Si ugonjwa, usianze kunitafutia dawa. Ni kama imesahau. Nilipovaa viatu vyako vikanasa, miguu ilizunguka yenyewe, moja inasukuma, nyingine inavuta, hata kama kichwa hakitaki kwenda. Nilifika Manika bila kujua nimefikaje. Nilipenda hivyo, nakwambia kweli.

Lakini sikia kilichonipata.

Nilikuwa nimemwacha Salima. Mguu mmoja ulikuwa umenasa, wa pili bado naupanga vizuri, nimeshika mwendo, nikaona mbele watu wamesimama pande zote mbili za barabara. Motari wamezima pikipiki zao. Mwenye mkokoteni wa makaa amevua kofia. Maiti ilikuwa inakuja. Unajua vile mama alivyotufunza: ukikutana na maiti, unashuka kwenye baiskeli na unasimama hadi apite, awe unamjua au humjui, awe wa dini yako au ya wengine. Sikufikiri hata. Nilifunga breki, nikataka kushuka kama nilivyoshuka maisha yangu yote, yaani mguu juu na chini. Mguu haukutoka. Nilisimama vile kidogo, baiskeli haiendi na mimi siwezi kushuka, nikaanguka ubavu kama mti, mbele kabisa ya gari lenye sanduku la maiti.

Gari likasimama. Wanawake waliokuwa wanafuata kwa miguu wakapiga kelele, wakanikimbilia. Hawakuona viatu, Yaya. Waliona mwanamke aliyejitupa mbele ya sanduku.

"Mama, pole! Mushikeni!"

"Ni mutoto wake? Ni mutoto ya wapi huyu?"

"Pengine ni ule wa Likasi, ule tulisema hatafika."

"Muinueni basi!"

"Hainuke! Mguu iko inakatala kutoka mu kinga!"

"Banaume, kamateni kinga!"

Waliniinua na baiskeli pamoja, imening'inia kwenye mguu wangu. Mwanaume mmoja aliivuta upande mmoja na mimi nikageuza kisigino, ikatoka, taka, naye akarudi nyuma karibu aanguke. Mwenye makaa alicheka, wakamnyamazisha. Mama mmoja mkubwa, mwenye kitambaa cha kijani kichwani, alinikumbatia kwa nguvu, jasho lake linanukia sabuni ya maua. "Lia, mwanangu. Usifunge roho. Alikuwa tata yako, baba yako?"

Nilitaka kusema ni viatu. Nakuapia nilifungua mdomo niseme ni viatu, lakini kilichotoka ni: "Mama yangu alikufa."

Aliniangalia. Marehemu wao alikuwa mzee wa kiume, picha yake ilikuwa pale mbele ya gari, amevaa koti. Wengine walianza kuangaliana. Lakini yule mama hakuniachilia. Alisema: "Basi lilia mama yako hapa. Huyu muzee hatakatala."

Sikulia hata pale. Niliona aibu kwamba silii, wao wamesimamisha maiti kwa ajili yangu. Nilichoweza ni kushika baiskeli na kutembea nao. Vile viatu vyako vya mashindano havitembei, unajua; kibati kile kikubwa kinatokeza chini, unaenda kama bata, ka-ka-ka kwenye lami. Mwanamke aliyekuwa karibu yangu aliangalia chini akauliza polepole, "Na hii viatu ni ya nini?" Nikasema ya kinga. Akasema, "Ah," akaendelea kuimba.

Nilienda nao hadi makaburini. Sikupanga. Ilikuwa kama vile miguu inavyozunguka ikinaswa.

Yaya, siku ya mama, wewe ulikuwa huko unatafuta karatasi za kusafiri ambazo hazikutoka. Baba Salima alikuwa Kasumbalesa kwenye foleni ya mpakani. Wazee wa msikiti walikuja wakamchukua mama yetu kabla ya alasiri, na sisi wanawake tukabaki ndani kama desturi. Nilisikia tu sauti zao zinaenda, zinaenda, kisha zikapotea. Watoto wake sisi ni wawili, na hakuna aliyeona. Wewe umekuwa ukiniuliza kwenye simu, "Ilikuwaje? Niambie ilikuwaje." Ndiyo maana sikukujibu. Sikujua ilikuwaje.

Sasa najua kidogo. Si ya mama, lakini najua. Wanateremsha kwa kamba na wanaume wanaambiana polepole, polepole, upande wako, kama watu wanaoshusha kabati kwenye lori. Udongo wa kwanza unatoa sauti. Baadaye hautoi tena. Watu wanaanza kusogea nyuma na kuuliza nani ana gari. Najua mama hakuwekwa ndani ya sanduku, sisi hatufanyi hivyo, lakini udongo ni mwekundu uleule na nadhani sauti ni karibu ileile. Ndicho ninachoweza kukuambia. Chukua hicho.

Nilifika kazini nimechelewa sana, na mama anayetusimamia alinisubiri mlangoni. Aliona magoti yangu, aliona viatu. "Mama Salima, ukichelewa tena, baki kwako. Nitachukua mwingine." Hakusema kwa ubaya. Mashuka yalikuwa yamejaa hadi nje.

Kwa hiyo nimefikiri, na nimeamua. Wewe ni mkubwa wangu, lakini barabara hii ni yangu.

Pedali zako zina uso mmoja tu, wa kunasa. Ukiwa na viatu vya kawaida huwezi kukanyaga, zinapinduka. Ni za mtu anayetoka nyumbani amevaa kwa mashindano na anarudi nyumbani bila kugusa ardhi. Mimi ninagusa ardhi. Ninashuka kwa ajili ya maiti, kwa ajili ya mbuzi, kwa ajili ya Salima anayetaka kukojoa. Siku ile Salima hakuwa mgongoni kwa sababu nilikuwa nimetoka kumshusha, si kwa sababu ya akili yangu. Ningeanguka juu yake. Siwezi kufungwa miguu wakati mtoto yuko mgongoni, hata useme nini, hata kama ni wewe unanishika.

Lakini nikiisha kumwacha, kwenye milima, nifungwe. Hapo nataka. Fundi wa hapa Musonoi aliniambia kuna pedali zenye nyuso mbili: upande mmoja bapa, na upande mwingine unanasa. Aliziona kwenye baiskeli ya mzungu mmoja wa machimbo. Nikaona ndizo hizo. Bapa na Salima, kunasa peke yangu. Najua wewe utasema ni nzito na hazina sura. Sawa. Zitakuwa nzito.

Sikurudishii hivi kwa hasira, Yaya. Nilipokuwa nafungua ule mfuko na kuona umefunga kila kiatu ndani ya gazeti kama mama alivyokuwa anafunga mayai, nilikaa nao muda. Ukifungua wewe utaona udongo umekauka kwenye matundu ya vibati. Sikuutoa. Ni wa kule kwa yule mzee. Ukitaka uutoe wewe.

Salima anakusalimu, anakuita Yaya hata yeye, kwa sababu anasikia mimi. Kula vizuri, usiniambie tena nijikaze. Kaa salama huko.

Ninavyongojea ni hivi, na umpe Baba Salima akirudi: pedali zenye nyuso mbili, upande bapa uwe na meno ili sandale isiteleze, na visi ya kukaza resori, yaani skrubu ya ile springi ya kunasa, uilegeze hadi mwisho kabla ya kutuma, nitoke hata nikishtuka. Vibati vile vidogo vya visi mbili, vinavyojificha ndani ya soli. Viatu vyeusi namba 38, vya kufunga kwa kamba, soli ya mpira ya kutembelea, kwa sababu sakafu ya kufulia ina maji. Ufunguo wa kukazia, maana fundi hana wa namna hiyo. Na kibao cha chuma, urefu kama kiganja chako, uandike wewe mwenyewe jina la mama na la baba yake, utoboe matundu mawili. Pale alipozikwa kuna kipande cha ubao tu, hakina jina, na mchwa wameanza kukila. Visi ninazo. Nitakipeleka kwa baiskeli na nitakikaza mimi.

Mdogo wako,
Mama Salima