Aliyerudisha Glopu Chumbani

Jumapili, Mbezi Luis. Jua limewaka tangu asubuhi kama lina ugomvi na mtu, na hata sasa alasiri bati bado zinalia.

Shajara yangu, leo nilipaswa kukuandikia furaha. Jana fundi alimaliza kung'oa tyubu za chumba cha uyoga na kufunga taa za LED, na leo mchana nimeingia mle wakati jua limekomaa, nikanyoosha mkono nikaishika taa yenyewe. Vuguvugu tu. Mifuko ina unyevu wake, uyoga umefunguka mpana kama masikio, wala sikuhitaji kumwagia maji sakafu kila saa kama nilivyozoea. Mwanangu Hadija ndiye aliyenisukuma nibadilishe, na kwa hili alikuwa sahihi.

Lakini moyo wangu haupo kwenye taa. Leo kaja Rukia.

Rukia ni wifi yangu, dada wa aliyekuwa mume wangu. Tumekuwa tukikutana misibani tu, tunapeana mkono na kuachana. Nyumbani kwangu hajawahi kukanyaga. Leo kabisha hodi, kavaa baibui jipya, kashika mfuko wa tende.

Ngoja nieleze tulikotoka.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini tulikuwa tunakaa Temeke, nyumba ya mume wangu Shabani. Zilikuwa enzi za ruksa. Kila mtu alikuwa na mradi: huyu kuku, yule maandazi, mwingine mitumba. Kiwanda alichofanyia kazi Shabani kilikuwa kinapunguza watu, na yeye akapunguzwa, akaingia kwenye mitumba. Mie nikajifunza kuotesha uyoga kwenye semina moja ya akina mama. Mahoteli yalikuwa yanafunguliwa mjini, na wapishi wake walikuwa wanautafuta.

Nilianza na chumba cha uani. Rukia alikuwa ameachika, anaishi kwetu na watoto wake wawili, basi tukawa wawili katika kazi ile. Tulikwenda Keko kuomba maranda kwa mafundi seremala, tukayachemsha kwenye pipa, tukayajaza kwenye mifuko ya nailoni na mbegu ndani. Mikono yake ilikuwa myepesi kuliko yangu. Tulikuwaga tunacheka mle chumbani mpaka Shabani anauliza kuna nini.

Mwanzo ulitushinda. Dirisha tulilifunika kwa magunia ili wadudu wasiingie, na uyoga ukikosa mwanga unarefuka shingo na kichwa kinabaki kidogo. Tukafunga glopu nne kubwa. Mwanga ukapatikana, lakini chini ya bati lile joto lilikuwa la kuokea mkate. Uyoga ulichomoza asubuhi, jioni umekauka, kingo zimekuwa za kahawia. Tulipoteza mifuko mingi kabla hatujaelewa kwamba taa zenyewe ndizo zinazoua.

Ni Rukia aliyegundua. Alipanda kwenye kigoda, akaweka kiganja karibu na glopu, akashuka akaniambia, "Wifi, sie tunaupika huu uyoga kabla ya mpishi."

Tukamwita fundi Athumani, aliyefunga umeme nyumba nyingi za mtaa wetu, akatoa glopu akaweka tyubu mbili. Chini ya bati tukatandika dari ya makuti. Sakafuni tukamwaga mchanga na kuulowesha. Magunia ya dirishani tukawa tunayaloweka asubuhi na jioni. Chumba kikapoa. Mavuno ya kwanza ya maana tuliyabeba mjini kwenye vikapu viwili, na mpishi wa hoteli akatuambia tulete kila juma. Njiani Rukia alinishika mkono kama watoto wa shule.

Ndiyo maana sikuwahi kumfungia kitu. Ufunguo wa chumba nilikuwa nao mie, na wa pili alikuwa nao yeye.

Kisha mama yangu akafariki, Kisarawe. Nikaondoka na Hadija mgongoni. Rukia alinisindikiza hadi barabarani, akanipa pole, akaniambia nisiwaze chumba, yeye yupo. Nikakaa msibani hadi khitma.

Niliporudi nilikwenda uani kabla hata ya kuvua ushungi. Nilipofungua mlango joto lilinipiga usoni. Glopu zote nne zilikuwa juu, zinawaka. Tyubu zilikuwa zimelazwa ukutani kama kuni. Mchanga ulikuwa mkavu, na dirisha limegongelewa ubao. Mifuko ilikuwa imesinyaa, inatoa harufu ya uchachu. Na siku hizo umeme ulikuwa wa mgao, lakini kwa mkosi wangu, majirani walisema juma lile haukukatika hata kidogo.

Shabani akaniambia tyubu zilikufa, naye akarudisha glopu ili uyoga usikose mwanga. Alisema amenisaidia. Rukia alinikumbatia akalia pamoja nami, akasema ni kazi ya Mungu.

Niliamini. Hata sikujiuliza Rukia, mwenye ufunguo wa pili, alikuwa wapi.

Nilijilaumu mwenyewe. Nilisema ningemweleza mume wangu habari za joto, haya yasingetokea. Nilikuwa na msiba wa mama na msiba wa chumba, sikujua machozi yapi ni ya nani.

Haukupita muda Shabani akasema chumba kimekaa bure, akakipaka chokaa, akaweka kitanda. Baada ya mfungo akaleta mke wa pili, akamuingiza mle. Hapo nikaelewa kwa nini uyoga wangu ulikufa. Ilikuwa rahisi kumkasirikia, na nilimkasirikia vya kutosha.

Siku moja nikakutana na fundi Athumani sokoni. Akaniuliza kwa nini nilibadilisha mawazo kuhusu tyubu, maana zilikuwa nzima kabisa. Nikamuuliza nani aliyemwita. Akasema ni wifi yangu. Alimwambia mwenye mradi hazitaki tena, zirudishwe glopu.

Nilisimama pale sokoni na kikapu changu kitupu. Enzi za uyoga Shabani hakuwahi kuingia chumba kile zaidi ya mlangoni. Hakujua uyoga unaishije wala unakufaje. Nyumba ile nzima tulikuwa wawili tu tuliojua kwamba glopu zile zinaua, na mmoja alikuwa mie.

Sikumuuliza Rukia. Niliogopa atakachojibu. Nikadai talaka yangu, nikamchukua Hadija, nikaja huku Mbezi Luis kwenye kiwanja cha kaka yangu, enzi hizo ni mihogo na mikorosho. Nikaanza tena na mifuko michache. Shabani alishafariki, Mungu amrehemu. Nilikwenda kumzika.

Sasa leo.

Rukia alikaa kwenye mkeka, akanywa maji, akasifia nyumba. Kisha akatoa maneno ambayo kila anayekwenda Hija huyasema. Kwamba anakwenda Makka, na lolote alilonikosea, kwa kujua au kwa kutojua, nimpe radhi.

"Tuanze na la kujua," nikamwambia.

Aliweka glasi ya maji chini. Hadija alikuwa jikoni, nikasikia sufuria zimetulia, nikajua naye anasikiliza.

Rukia akaanza kueleza. Kaka yake alimwambia chumba lazima kiwe wazi kabla sijarudi msibani, na kama hataki kusaidia, atafute pa kulala yeye na wanawe. Shabani alitaka kuitupa mifuko yote jalalani. Nikamuuliza mbona basi haikutupwa. Na habari za glopu Shabani alizitoa wapi?

Rukia akaangalia mikono yake. "Hilo nilimwambia mie, wifi. Niliona ukikuta imetupwa utajua umefanyiwa. Ukikuta imekufa yenyewe, utasema Mungu kapenda. Nilidhani hivyo hutaumia sana."

Shajara yangu, miaka yote hii nilimpa sababu nyingi. Wivu, woga, damu nzito kuliko maji. Hii sikuwahi kuifikiria. Alipokuwa anawasha zile taa, alikuwa ananihurumia.

Na ile huruma ndiyo iliyonifanya nijilaumu mie badala yao. Nilimwambia hivyo hivyo, bila kupandisha sauti. Nikamwambia ningekuta mifuko jalalani ningelia siku hiyo hiyo, nikajua adui yangu, nikabaki na akili zangu. Yeye aliniachia niamini kwamba nimeua kazi yangu kwa mikono yangu, na akanishika bega nikilia.

Hakujitetea. Alisema tu, "Nilikuwa sina pa kulala."

Najua. Nilijua hata wakati ule kwamba hana pa kulala. Angeniambia, ningekitoa chumba mwenyewe.

Aliniomba radhi tena. Nikamwambia nimemsikia. Hakunilazimisha. Aliacha tende mezani, Hadija akamsindikiza hadi kituoni, na mie nikabaki nimekaa pale pale kwenye mkeka.

Hadija aliporudi akaniambia, "Mama, huwezi kumwachia aende Makka hivyo." Ni rahisi kwake, wakati ule alikuwa mgongoni.

Neno lenyewe la kusamehe ni fupi, ningeweza kulitamka leo na yeye akaondoka mwepesi. Lakini safari hii sitaki mtu yeyote adanganywe kwa huruma, hata yeye.

Ndege yake ni Alhamisi. Nitakwenda Temeke kumuaga, nitaingia nyumba ile ya marehemu Shabani, ambamo Rukia bado anakaa, na kama neno litakuwa limefika moyoni nitampa. Kama halijafika, nitamwambia usoni kwamba halijafika, na nitamwombea safari njema.