Nyayo Zikanyage Chini

Kibosho, Jumanne, 9 Agosti 1994

Miguu imevimba tena, lakini nimejikongoja hadi kwa seremala anayemchongea mjukuu wangu Anna baiskeli ya mbao isiyo na pedali.

"Shikamoo, mwalimu. Kiti nimekiinua kidogo. Mtoto si atakua?"

Nikamwambia akishushe mpaka nyayo zote mbili za mtoto zikanyage chini. Akacheka. "Mwalimu, Mchagga gani anakataa kikubwa?"

Baba yake Anna, mwanangu, alipokuwa mtoto nilimnunulia baiskeli kubwa ili idumu, nikampandisha mwenyewe. Miguu yake haikufika chini. Alianguka, na mpaka leo anachechemea. Watu niliwaambia kwamba aliichukua bila ruhusa. Alikuwa mdogo, naye akaamini.

Jana nilimsikia akimwonya Anna asiwe mkaidi kama yeye.

Kesho nitamwambia baba yake ukweli, maadamu sauti bado ipo.