Mfuko Mmoja, Orodha Mbili

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, mgongo umetulia, na miwani iko usoni badala ya kutafutwa nyumba nzima. Mama naye nampa shikamoo yake. Mwambie lile sweta alilonifumia nalivaa ofisini kila siku, maana chumba chetu cha mashine kina baridi kuliko jokofu la bucha. Mimi ni mzima wa afya, tena nimenenepa, msinicheke.

Nianze na habari nzuri. Kazi yetu imekubaliwa! Kitengo cha damu cha hospitali yetu, pamoja na hospitali nyingine mbili, sasa vinatumia programu tuliyoiandika sisi, watu sita katika chumba chenye dirisha moja lisilofunguka. Kila mfuko wa damu unaoingia kwenye jokofu, tunajua uko wapi na umetengwa kwa nani. Huu ni mwezi wa tatu na hakuna hata mmoja uliotafutwa ukakosekana. Acha nijisifu, Baba, maana jirani hatanisifu. Juzi nilimwona muuguzi mkuu akisoma skrini yetu, kisha akaenda moja kwa moja kuchukua mfuko ulioandikwa pale, bila kumpigia mtu simu kuhakikisha. Nilisimama kwenye korido nikichekacheka peke yangu kama mwehu.

Uliwahi kuniuliza hiyo lugha ya kompyuta ninayoisifia ina ajabu gani. Nitakueleza kwa lugha ya fundi saa. Meza yako ina droo ya saa zinazosubiri na droo ya saa zilizokwisha kutengenezwa. Ukiitoa saa huku ukaiweka kule, huku haipo tena. Lugha hii ina adabu hiyo hiyo: kila kitu ndani yake kina mwenyewe mmoja tu. Ukikihamisha kutoka orodha moja kwenda nyingine, ile ya kwanza imekipoteza. Ukitaka kukitazama tu, unaazima, na cha kuazima huwezi kumpa mwingine kiwe chake. Kuna mkaguzi, ndivyo tunavyoiita ile programu inayosoma kazi yetu kabla haijaanza kutumika, na ukivunja sheria anakataa katakata. Ni msumbufu kuliko wewe ulipokuwa unanifundisha kushika kibano, na habembelezeki.

Ila ana mlango mmoja. Ukiomba nakala anakuruhusu, kwa sababu nakala ni kitu kipya chenye mwenyewe wake. Kwa jina la mtu au namba ya simu hakuna ubaya. Lakini mfuko wa damu hauna nakala.

Mwaka jana, tukiwa bado kwenye majaribio, mfuko mmoja ulionekana kwenye orodha za wagonjwa wawili. Ulipopelekwa kwa mgonjwa wa kwanza, ndani ya programu haukuhamishwa, ulinakiliwa. Orodha ya jokofu ikadhani bado inao, ikamwahidi wa pili. Huyo wa pili alikuwa mama aliyekuwa anajifungua kwa upasuaji. Aliyetumwa kuifuata damu yake akakuta imeshatumika. Gari likakimbia hospitali ya jirani, likachukua dakika arobaini kwenda na kurudi. Alipona, yeye na mtoto wake, lakini zile dakika arobaini sijazisahau.

Bosi akataka kujua ni nani aliyeandika neno nakili mahali pa hamisha. Kumbukumbu zetu huonyesha jina la aliyegusa mstari mara ya mwisho, na jina lilikuwa la dada mmoja tunayemwita Kimya, kwa sababu wiki nzima humtosha maneno kumi. Kumbe Kimya alikuwa amepanga upya mafaili. Aliitoa mistari kwenye faili moja akaiweka kwenye jingine, bila kubadilisha hata herufi, na kwa kufanya hivyo tu yote ikawa imeandikwa jina lake. Alijitetea kwa sauti yake ndogo kwamba yeye aliihamisha tu. Bosi hakumwelewa, akampeleka chumba cha chini kutengeneza printa. Uongozi wa kazi nikapewa mimi, na wewe ukawatangazia wateja wako wote kwamba binti yako ni mkuu.

Baba, neno lile niliandika mimi. Mkaguzi alikuwa amenikatalia mara nane mchana ule, hasira zikanipanda, nikaandika nakili ili anyamaze. Akanyamaza. Kimya aliposhtakiwa, na mimi nikanyamaza, miezi minne mizima. Sina kisingizio. Nilikipenda cheo, na niliogopa utaniona mdogo.

Njia ya mwongo ni fupi. Siku moja asubuhi, kama mkuu wa kazi, nililetewa fomu ya kumfukuza Kimya kwa kosa lile lile, imebaki sahihi yangu tu. Kalamu ilinishinda. Nilishuka chini nikamkuta na wino hadi viwikoni, nikamwambia yote. Akasema alijua tangu siku ya kwanza, kwa kuwa lile faili la zamani lilikuwa langu. Nikamuuliza kwa nini hakunitaja. Akanijibu kwamba alishasema mara moja hakusikilizwa, na kwamba kosa nalo lina mwenyewe, alikuwa anasubiri mwenyewe aje kulichukua. Nililia palepale juu ya karatasi zilizokwama.

Kesho yake nilisimama mbele ya wote nikalichukua. Nikaomba uongozi apewe Kimya, si tugawane, apewe. Bosi alininunia siku tatu, halafu akakubali. Hii programu ninayojivunia imeongozwa na Kimya, na ule mlango wa nakala kwa mifuko ya damu ameufunga yeye. Siku hizi mkaguzi hakubali hata ukimpigia magoti. Mimi naandika orodha za wagonjwa, na Kimya akizikagua huwa hasemi kitu, jambo ambalo kwake ni sifa kubwa.

Kwa hiyo wateja wakikuuliza, usiseme tena kuwa mimi ni mkuu. Ile miezi minne ya ukuu ulinitumia barua tatu, nami sikujibu hata moja, ukadhani nimebanwa na kazi. Haikuwa kazi, Baba. Nilikuwa sina la kukuandikia. Leo sina cheo, na ona nilivyozijaza kurasa.

Nisalimie kaka na watoto wake, na shangazi umwambie nimepokea salamu zake. Jitunze macho.

Ni mimi binti yako, mwandishi wa orodha za wagonjwa