Nani Atageuza Kibuyu

Mama,

Shikamoo. Najua marahaba haitakuja, lakini mdomo umezoea, nitafanyaje? Kila asubuhi nikipita mlangoni pa chumba chako natoa shikamoo, halafu nasimama kidogo. Kuku ndio wanaoitika, na wao wanataka chakula tu.

Nimekaa kibarazani, kwenye mkeka wetu ule ulioutoboa kwa chuma cha moto mara tatu na mara zote ukanisingizia mimi. Nina jambo la kukuuliza. Nataka kununua mashine ya leza. Au sitaki. Ndiyo maana nakuandikia.

Usicheke kwanza. Ni kidude cha mezani, hakizidi begi la kusafiria. Unakiunganisha na kompyuta, unaweka ubao chini yake, na kinashusha mwali mwembamba wa mwanga unaounguza ule ubao na kuchora chochote ulichokitaka: jina, ua, msalaba, hata uso wa mtu. Hakuna mkaa, hakuna kupuliza jiko mpaka macho yatoke machozi. Watu wanakaa nacho nyumbani, wanachora miko, sinia, vibao vya kuweka mlangoni, wanauza. Na kina kifaa cha pembeni, magurudumu ya mpira. Unalaza juu yake kitu cha mviringo, kinakigeuza chenyewe.

Kinakigeuza chenyewe, Mama! Hapo ndipo niliposhtuka. Kwa maana nyumba hii kazi ya kugeuza ilikuwa yangu.

Nilianza nikiwa bado na mapengo ya meno ya mbele. Wewe kwenye kigoda unachoma michoro kwa chuma chako chenye mpini wa gunzi, mimi chini, kibuyu katikati ya viganja vyangu. Ulikuwa na neno moja tu. "Geuza." Hunitazami usoni. "Geuza." Nikisinzia unanigusa goti kwa kidole cha mguu. Wenzangu wanacheza rede pale uwanjani, mimi nageuza vibuyu vya maharusi nisiowajua. Nilikununia sana, nakiri leo. Nilipokuwa mtu mzima nikakuuliza mbona hunifundishi kuchora. Ukasema, "Kidole kimoja hakivunji chawa. Wewe ukichora, nani atageuza?" Tukacheka wote wawili. Sasa nina miaka arobaini na mbili, na swali hilo limenirudia bila kicheko.

Tangu tukuzike mvua zimekuja na zimekwisha. Mahindi niliyapanda kwa kuchelewa, yakatoka mafupi. Kwaya wamenitumia ujumbe mara mbili niende mazoezini, sikwenda. Naongea na watu sokoni, nauza miko, narudi, nafunga mlango. Siku nyingine naona mpaka jioni sijatamka neno lolote zaidi ya bei.

Na kile kibuyu cha Rulenge bado kipo. Unakumbuka, Mama Adelina alikuja kutoka Rulenge kukuomba umchoree huyo binti yake Adelina kibuyu cha kwenda nacho ukweni, ukakubali ukiwa tayari unakohoa. Ulikiacha nusu. Upande mmoja pembetatu zako zimepangana tumbo zima, upande wa pili ni ngozi tupu. Harusi ni mwezi ujao. Mama Adelina amekuja mara mbili. Kwa upole wake halalamiki, anakipakata tu, anaipapasa ile nusu, anaaga. Ningependa anigombeze.

Nikasema basi, mashine ndiyo dawa. Wiki iliyopita nikaenda mjini kwa dada mmoja mwenye steshenari, anayo hiyo mashine, anachorea watu kalamu na vibao. Nilibeba kibuyu kitupu cha kujaribia. Na cha kunakili nikabeba changu.

Ndiyo, changu. Kile cha juu ya kabati, ulichonichorea nilipotimiza miaka ishirini. Ulikichora kama vya wote: pembetatu moja, karibu na shingo, umeiacha wazi bila kuichoma. Maharusi wote walipitia hapa kibarazani asubuhi ya kuondoka kwao, wakashika chuma, wakaijaza wenyewe. Wengine walilia mpaka wakaipindisha. Hukurekebisha hata moja. "Hiyo ni yake," ulikuwa unasema, "mwacheni." Ya kwangu imebaki wazi miaka yote hii. Posa mbili zilikuja, hazikufika mbali. Kila Pasaka ulikishusha, ukakifuta vumbi, ukakirudisha juu. Dakika ile nilikuwa nakuchukia, Mama. Nisamehe.

Basi yule dada akapiga picha kibuyu changu, akaingiza kwenye kompyuta, akahangaika nayo kidogo. Akanipa miwani ya kijani nivae. Mashine ikaanza kuvuma. Loo, harufu! Harufu ile ile, ya kibuyu kikiungua, ya mikono yako, ya utoto wangu wote. Nikafumba macho nyuma ya ile miwani, nikasubiri useme geuza. Magurudumu yakageuka bila kuambiwa na mtu.

Mistari ilinyooka, hata wewe ungekubali. Pale tumbo linapobonyea rangi ilififia kidogo, akasema panatengenezeka. Kisha nikakishika mkononi, nikaona. Pembetatu zote zimejaa. Dada akanieleza kwa furaha kabisa kwamba kwenye picha aliona moja haijachomwa, akajua fundi alisahau, akaijaza kwenye kompyuta. Hana kosa, maskini, alidhani ananitendea wema. Nikamlipa, nikashukuru, nikatoka. Nilipofika stendi nikakaa juu ya gunia la mtu nikalia, na mwenye gunia akaniacha nilie.

Sasa nitakwambia jambo ambalo hutalipenda. Hata baada ya hapo, bado niliitaka mashine. Niliwaza: nitaielekeza tu iiache ile pembetatu wazi, itabaki wazi. Ile mashine haichoki, haikohoi, haifi mwezi wa tatu ikakuachia kazi nusu. Na haina haja na mtu wa pili. Nilichoka kuhitaji mtu wa pili.

Lakini moshi wake lazima utokee dirishani, na inataka soketi. Nyumba hii chumba chenye dirisha la maana na soketi ni kimoja, unakijua. Juzi niliingia na futi kupima. Ili meza ikae, kitanda chako kitoke. Nikashika ubao wa miguuni nikavuta kidogo. Kikalia, ule mlio wake wa wewe ukijigeuza usiku. Nikakirudisha haraka, nikapiga magoti nikatandika shuka vizuri kana kwamba nimekuamsha.

Jana nikakasirika. Sijui nilimkasirikia nani, labda wewe. Nikawasha mkaa, nikatia chuma motoni, nikakibana kibuyu cha Adelina kwa magoti. Mstari wa kwanza, sawa. Wa pili kibuyu kikateleza, chuma kikanipata pajani. We! Nilipiga ukelele uliofika Rulenge.

Akatokea Mama Shija, jirani yetu Msukuma wa ng'ambo ya mihogo, alikuwa anakuja kuazima ungo. Akanikuta napuliza paja. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Mwanangu, unachoma kibuyu au unachoma mguu?" Kisha, bila kuombwa, akavua kandambili, akakaa mkekani pale pale pangu, akakishika kibuyu. Mikono yake minene, inanuka maziwa, na imetulia kabisa.

Nikabaki nimesimama. Mahali pamebaki kigoda chako tu, na tangu uondoke sijakikalia. Nikakaa.

Nikachora mstari, nikaunyanyua mkono, nikasubiri. Mama Shija naye akasubiri, ananitazama. Ndipo nikaelewa kwamba hawezi kujua ageuze lini mpaka aambiwe. Maisha yangu yote nimeambiwa, sijawahi kusema. Nikasema: geuza.

Akageuza.

Mashine sinunui, Mama. Si mbaya, tusiisingizie. Nikipata kazi ya vibao vya majina nitampelekea yule dada, naye ale. Lakini nyumba hii imebaki na mtu mmoja. Nikiingiza kitu kisichohitaji mtu wa pili, nani atakuja kubisha hodi? Mama Shija amesema atakuwa anakuja akishakamua. Watoto wake wote wako Kahama, na yeye anaongea na ng'ombe kama mimi ninavyoongea na chumba chako.

Kibuyu tumekimaliza leo. Nusu yako imenyooka, nusu yangu inayumba kama mtu aliyetoka kunywa rubisi. Mama Adelina akikikataa nitamwelewa. Pembetatu ya binti yake nimeiacha wazi.

Kitanda chako hakitoki. Dirisha nitalifungua kila asubuhi, hewa iingie. Na kibuyu changu nimekishusha kutoka juu ya kabati, nimekifuta vumbi mwenyewe, kwa kuwa hakuna mwingine wa kukifuta. Sijui kama nitaijaza ile pembetatu. Nakuahidi tu kwamba ikijazwa, itajazwa kwa mkono huu, hata ikipinda.

Pumzika, Mama. Wa kunigeuzia nimempata. Wa kuniambia geuza ndiye nisiyempata.

Ni mimi,
Vene wako