Piano Iliyokataa Kuwa Nyepesi

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu zangu zikufikie ukiwa na afya, wewe, shemeji yangu na wanao. Je, mgongo wako umepona, au bado unainuka kitini kama mtu mzee kuliko mimi? Mimi ni mzima wa mwili. Mengine utayasoma kwa utaratibu wake, maana sitaki kuanzia mwisho.

Wajua kwamba niliifanyia upya piano kubwa ya dada yetu. Nyundo zake zilikuwa zimelika, sufu yake imekatwakatwa na nyuzi, nami nikatia mpya zote. Ikapata sauti nene ya kujaza chumba. Lakini dada alipoketi kuipiga, alinuna. Alisema nimemletea punda asiyetaka kupanda mlima, kila kibao anachokibonyeza kinambishia. Nilicheka, kisha nikakiri kwamba alisema kweli. Nyundo mpya zilikuwa nzito kuliko zile kuukuu, na uzito mdogo kwenye nyundo huwa mkubwa chini ya kidole.

Hapo nikafanya kazi ya fundi mvivu. Badala ya kupunguza nyundo, nilitoboa vibao na kupachika vipande vya madini ya risasi upande wa mpigaji, ili visaidie kidole kushuka. Nilipojaribu kwa mawe ya mizani, vibao vilishuka vizuri, nikajisifu. Dada akapiga wimbo wa haraka, akaukatisha katikati, akasema kwamba sasa punda yule nimembebesha na magunia. Ni kweli: kibao kilichojaa risasi hushuka polepole bila taabu, lakini kukiharakisha ni kama kusukuma mkokoteni uliojaa.

Nikaanza upya. Niliondoa risasi, nikazichonga nyundo ubavuni moja baada ya nyingine, nikalegeza pini zilizokuwa zikibana. Jirani yake, mwalimu wa kwaya, alipoijaribu alisema vidole vyake vinakwenda vyenyewe. Dada akasema bado ni nzito.

Unakumbuka kanuni ya marehemu baba karakanani: mpigaji akilalamika, usiutazame mkono wake, kosa litafute ndani ya piano. Kwa kanuni hiyo nimelinda heshima ya kazi yetu maisha yangu yote, na kwa kanuni hiyo nikaendelea kuchonga. Mwalimu wa kwaya alipothubutu kuuliza kama dada haumwi, nilimkemea, nikamwambia akaimbishe watu wake, piano aniachie mimi. Nyundo zikakonda mpaka sauti ikawa ya debe. Vibao vingine vikishuka, havikupanda tena. Dada akazidi kuomba nipunguze kidogo, kaka, kidogo tu.

Juma lililopita nilimkuta jikoni ameshika birika kwa mikono miwili, nalo haliinuki. Ndani mlikuwa na maji ya kikombe kimoja. Akacheka, akasema na hilo nilichonge. Mimi sikucheka. Nilimpeleka hospitali. Daktari alitueleza kwamba mishipa ya fahamu inayoamuru misuli yake inakufa, kwamba ugonjwa huo umeanzia mikononi na hautaishia mikononi, na kwamba dawa ya kuuponya haipo.

Mdogo wangu, piano ile haikuwa na kosa tangu siku nilipoondoa risasi. Nimeiharibu yote nikiutafuta ndani yake ugonjwa wa dada yetu, naye ameketi mbele ya macho yangu.

Jana aliniita nimsikilize. Aliweka mkono wa kulia juu ya vibao, kisha akaniambia kwamba sasa ni nyepesi kabisa, kwamba nimeshinda, nikusanye vifaa vyangu nikapumzike. Nilimshukuru. Nilikuwa nimesimama ubavuni mwake, na nilikitazama kibao kilichokuwa chini ya kidole chake. Hakikushuka.

Njoo mapema uwezavyo, wala usimwambie kwamba nimekuandikia. Mpe shemeji salamu zangu, na wanao uwaambie kwamba baba yao mkubwa anawakumbuka. Nyumba yote inakusalimu, nayo ni watu wawili tu.

Ni mimi kaka yako,
Fundi