Kabichi za Wawili

Yeongju, Korea, 21 Novemba

Danbi mwanangu,

Inatangazwa rasmi kuwa kabichi arobaini za kuchachusha kimchi ya majira ya baridi zimewasili uani kwetu na kupokewa kwa heshima zote na ujumbe wa mtu mmoja, yaani mimi. Hujambo lakini? Huko Auckland joto limeanza? Mimi sijambo, ila nyonga. Daktari ameona doa kwenye mfupa, basi Jumatatu natumwa Daegu kwenye mashine ya PET na MRI kwa pamoja: sumaku inapiga picha ya mfupa na kiungo, na sukari wanayokudunga inakimbilia na kung'aa pale penye ugonjwa au msuli uliofanya kazi. Nimekatazwa kazi nzito siku mbili kabla. Kazi gani, mtu wa kukaa na kusoma magazeti mimi?

Baba yako

Auckland, 22 Novemba

Shikamoo Baba,

Doa gani? Umelifukia chini ya kabichi, kama ulivyofukia ugonjwa wa Mama chini ya habari za mbwa! Nipe majibu siku hiyohiyo. Kama ni saratani, nakuja. Na kabichi usiziguse.

Mwanao

Yeongju, 26 Novemba

Mwanangu,

Salama? Nimerudi. Wanasema mashine lazima iangalie tena. Usijali.

Baba yako

Auckland, 27 Novemba

Baba,

Nisijali vipi? Nimekata tiketi, nafika tarehe kumi na tatu. Kula vizuri.

Mwanao

Auckland, 8 Desemba

Baba, mbona kimya? Majibu? Hata kama ni mabaya.

Mwanao

Yeongju, 11 Desemba

Danbi,

Natumaini umelala, ingawa najua hujalala. Sikiliza yalivyokuwa.

Siku ya kuamkia kipimo kabichi zilikuwa zimeshalala kwenye chumvi, na kabichi ikishalala haimngoji daktari. Nikazikosha na kuzipaka pilipili mwenyewe, zote. Jirani yetu Bi Oksun akachungulia juu ya ukuta: "Baba Danbi, hiyo chumvi umemwaga bahari nzima? Nije nikusaidie?" Nikamwambia nina watu ndani wa kunisaidia.

Kesho yake daktari akaitazama picha. "Jana ulifanya nini?"

"Nilipumzika."

"Wewe labda. Mabega yako yalihamisha mlima. Sukari yote imekimbilia huko, nyonga haikuachiwa kitu. Urudi, na safari hii ukae!"

Ndiyo sababu mashine iliangalia tena. Sikukueleza, nawe ukakata tiketi.

Majibu ninayo tangu tarehe nne. Si saratani. Doa ni kovu la zamani la mfupa, na kiungo kina baridi yabisi ya watu wa umri wangu; nimepewa vidonge na fimbo. Nilikaa kituo cha basi nikaanza kukuandikia. Nikakumbuka tiketi. Nikaizima simu. Wiki nzima nimekuacha na hofu, kwa sababu mzima hatembelewi.

Tiketi waweza kuirudisha. Sitanuna. Nitanuna kidogo.

Kabichi zimezidi chumvi, lakini nimetia za wawili. Jana Bi Oksun aliuliza kama wale watu wangu wameshaondoka. Nikamwambia hawajafika.

Baba yako