Mashine Mbili za Hasanali na Mkono Wangu wa Kushoto

Jumamosi, mwanzo wa Machi, 1967. Joto la leo halisimuliki. Kaskazi imekufa, masika haijaja, na hewa ya Mji wa Kale imesimama kama mgeni aliyesahau alichokuja kusema. Naandika baada ya Magharibi, kwa mkono wa kulia. Wa kushoto nimeulaza mapajani kama paka mgonjwa.

Nina hofu.

Hilo neno sijapata kuliandika humu daftarini. Humu nimeandika nilivyomnyamazisha nahodha wa Kigiriki, nilivyonyanyua gurudumu la lori peke yangu (tulikuwa wawili, lakini yule mwengine hakusaidia sana), na nilivyokula biriani ya harusi mpaka wenye harusi wakaja kunitazama. Hofu, hapana.

Basi nianze kwa kujisifu, maana bila hivyo kalamu hainiendi. Mimi ndiye Omari Winchi. Hilo la Winchi, ile mashine inyanyuayo mizigo melini, nilijipa mwenyewe, watu wakalipenda. Pale Kilindini hakuna kuli asiyenijua. Shule niliiacha darasa la tano, lakini sikuhitaji kuifuata dunia, imenijia yenyewe mpaka gatini: nimekula jibini ya Wagiriki, nimevuta sigara za Wajapani, nimetukanwa kwa Kijerumani na nikarudisha tusi kwa Kijerumani hichohicho.

Chumba cha chini cha nyumba yetu hapa Kibokoni, kile kinachotazama kichochoro, nimekifanya cha mazoezi. Vijana wa mtaa waja jioni, bure, wakanyanyua mtaimbo wenye mikebe ya maziwa niliyoijaza saruji. Mkebe mmoja ulimwangukia mtu kidole cha mguu. Mwengine ulipasua sakafu, na mke wangu akasema chombo kingine kikiingia mle, yeye atoka. Ndipo nikatangaza mbele ya kundi zima la kazini kwamba nitanunua mashine moja tu, ya kizungu, inayofanya yote: kifua, mabega, mgongo, miguu. Nikaongeza kwamba kabla ya kuinunua nitaivuta mpaka mwisho mbele yao.

Hakuna aliyeniomba niongeze hilo.

Sababu ya kweli sikuitangaza. Kabla ya Ramadhani, tukiwa ndani ya tumbo la meli, wavu wa magunia ulipembea ukanipiga bega la kushoto. Nilicheka, nikawauliza kama wavu umeumia. Mkono ukawa wa moto, kisha ukawa wa baridi, na tangu hapo hauna nguvu. Nashika nao kikombe, nashika nao wembe. Gunia, hapana. Hospitali sikwenda, maana daktari akiandika neno moja mimi sina kazi. Nilikwenda kwa bibi mmoja mkandaji, nikamwambia nimeanguka ngazini.

Kazi yetu hufanywa wawili wawili. Wewe washika gunia upande huu, mwenzako upande ule, mwalipembeza, mwalilaza wavuni. Mwenzangu ni Faraji, tangu sote wawili tulipokuwa hatuna ndevu. Mimi ndiye nitoaye wimbo wa kazi, na mtoa wimbo watu humtazama mdomo, hawamtazami mikono. Hivyo ndivyo nilivyojificha. Lakini Jumatatu yaingia meli ya sukari. Gunia la sukari si gunia la kahawa. Juu ya rundo la magunia likiniponyoka, lamwendea aliye upande wa chini, na upande wa chini ni wa Faraji.

Nilitumai mashine ingenitengeneza mkono kimyakimya. Kwa siku mbili. Ndiyo akili yangu hiyo.

Leo baada ya Adhuhuri tukateremka Bondeni, kundi zima nyuma yangu kama tunakwenda kuoa. Hasanali ana duka la vitu vilivyotolewa melini: taa, viti, magodoro, kamba, vyoo. Mle ndani alikuwa na mashine mbili kutoka meli moja ya abiria. Akatuambia mapema kwamba moja yatakiwa na bwana mwenye hoteli, atatuma gari kesho asubuhi, kwa hiyo nichague leo. Nitakayoiacha ndiyo yake.

Ya kwanza ilikuwa na benchi, pedali za miguu, na mtaimbo mmoja mnene ulalao juu ya kifua. Washika mtaimbo kwa mikono miwili, wasukuma, na vyuma vya uzani vyapanda nyuma yako kwa pamoja. Imepakwa rangi nyeusi, yang'aa. Ya pili ilikuwa na kiti, mikanda ya miguu, na roda mbili juu, kila roda na kamba yake, kila kamba na vyuma vyake. Mkono wa kulia wavuta yake, wa kushoto wavuta yake. Hapo mkono hausaidiwi na mwenzake.

Nilipoiona hiyo ya pili nikaipa kisogo.

Nikalala kwenye ile nyeusi. Nikatoa wimbo, wenzangu wakaitikia, nikasukuma. Vyuma vikapanda mpaka juu kabisa vikagonga. Walipiga kelele mpaka watu wa duka la jirani wakaja kuuliza kumekuwaje. Lakini mimi niliyekuwa chini ya mtaimbo niliona wasichokiona wao. Ncha ya kulia ilikuwa juu. Ya kushoto ilibaki chini, yafuata tu, kama mtu anayekokotwa.

Nikasema sakafu ya Hasanali imepinda. Hasanali akakasirika, akasema sakafu hiyo aliitengeneza babake na haijapinda tangu siku hiyo. Watu wakacheka. Nilipoinuka nikamwona mtu mmoja tu hakucheka.

Faraji akanyoosha kidole kwenye ile ya roda. "Jaribu na hii, Winchi. Mkono mmoja mmoja."

Nikamwambia zile kamba ni za kuanikia nguo, nikawauliza wenzangu kama wana kanzu mbichi. Wakacheka tena. Faraji akangoja wamalize, kisha akasema kwa sauti ya chini, kama asemaye na mtoto:

"Wa kushoto kwanza."

Nikashika mshikio wa kamba. Nikazitazama zile sahani za chuma, nikajua. Nikaurudisha mshikio mahali pake polepole, nikasema sitaki kumvunjia bwana wa hoteli mashine yake, kisha nikamgeukia Hasanali: nipe ile nyeusi. Akanyoosha mkono tushikane, biashara iishe.

Faraji akatoka dukani.

Mkono wa Hasanali ukabaki hewani. Nikamwambia aningojee mpaka baada ya Alasiri, nataka kupima mlango wa nyumba. Uongo mwingine. Mlango wa nyumba yangu nimeupita tangu nizaliwe.

Nyumbani mke wangu alikuwa akishona. Nikamsimulia nilivyopandisha vyuma mpaka vikagonga. Akauliza kama na Faraji alikuwepo. Nikasema alikuwepo, lakini siku hizi amekuwa mkavu, hana mzaha. Akakata uzi kwa meno, akaniambia mkewe Faraji alikuja jana kuomba mafuta ya karafuu ya kumchua mumewe mgongo, na kwamba hiyo si mara ya kwanza.

Nikashangaa. Faraji mgongo? Tangu lini?

"Tangu mkono wako," akasema.

Nikaanza kusema mkono gani. Akaiweka ile nguo chini.

"Baba Rukia, wadhani nalala na mtu miaka yote hii nisijue ni mkono gani haunikumbatii?"

Mimi, Omari Winchi, nikatafuta kofia yangu, nikatoka.

Nikaenda Kuze kwa Faraji. Nilipiga hodi, akatoka akishika ukuta. Kazini sijapata kumwona akishika ukuta. Kazini hutembea wima, na sasa najua ni kwa sababu gani: hawezi kuinama. Tukakaa barazani. Nyumba ya pili watoto walikuwa wakisoma Kurani chuoni kwa sauti, kwa hiyo tulisema pole pole, vichwa karibu karibu.

Nikamwambia mkono wangu wa kushoto umekufa.

"Najua."

"Tangu lini wajua?"

"Tangu ulipoanza kuimba kwa sauti kubwa kuliko kazi yenyewe."

Tukacheka kidogo. Kisha akanionyesha, kwa mikono mitupu, pale juu ya baraza, namna alivyokuwa akishika gunia. Mkono wake mmoja kwenye ncha yake, kama inavyotakiwa. Wa pili hakuuweka kwenye ncha. Aliupitisha chini, katikati ya gunia, hata kuvuka kuja upande wangu. Siku zote hizo nilipoona gunia lapanda nilidhani ni nguvu ya wimbo. Kumbe nilikuwa nimeshika pembe tu. Gunia lenyewe lilikuwa la Faraji.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akaniambia alingoja niseme mimi. Alingoja Ramadhani nzima, akasema labda Idi, Idi ikapita. Hata leo dukani, wakati nimeshika ile kamba, alikuwa akingoja.

Kisha akaniambia lililonitoa roho. Alhamisi alikwenda kwa serahangi, msimamizi wetu, akaomba asiwekwe nami kwenye meli ya sukari. Serahangi akamuuliza nimemkosea nini. Akajibu amechoka na kelele zangu. Mkono hakuutaja. Serahangi akacheka, akasema hata yeye kelele zangu zimemchosha, na akampangia mtu mwengine.

"Yakhe, nina watoto," Faraji akasema. "Gunia la sukari siwezi kulibeba mara mbili."

Nikasema sawa, ni haki yake. Nikasema nitafanya kazi na nitakayepewa. Hapo ndipo akanitazama kwa uso ambao sijapata kuuona kwake, na hakushusha sauti tena.

"Amekupa yule kijana mgeni kutoka Liwatoni. Hajui pa kuweka mkono. Wewe juu, yeye chini, na amekuamini. Utamwimbia?"

Watoto wa chuo wakatoa vichwa dirishani kututazama.

Kijana huyo namjua. Wiki iliyopita tu nilimnunulia chai na mahamri, nikamwambia akipangwa nami atakuwa na bahati.

Jua likahama upande wa pili wa kichochoro. Mwisho nikamwambia Faraji inuka twende, akauliza wapi, nikamwambia kwa Hasanali kabla hajafunga. Tukatembea pole pole, yeye kwa mgongo wake, mimi kwa mkono wangu, watu watuamkia masalkheri, nasi twaitika kama waheshimiwa.

Hasanali alikuwa ameshaanza kuingiza viti ndani. Nikaketi kwenye mashine ya roda. Nikamwomba aondoe vyuma vya kamba ya kushoto. Akaondoa viwili. Nikamwambia bado. Akaondoa, akaondoa, akinitazama kwa huruma aliyoificha kwenye ndevu, mpaka ikabaki sahani moja, nyembamba kama ya kulia halua.

Nikavuta.

Ilipanda. Si sana, ilifika usawa wa goti langu, kisha ikashuka. Faraji alikuwa amesimama kando yangu. Hakunishangilia, na namshukuru. Alisema tu, "Tena," nikavuta tena. Baadaye nikaondoka yeye akaketi, tukamwekea vyuma vichache, akajivuta taratibu huku akiuma meno, akasema mgongo wake waisikia dawa hii.

Nikampa Hasanali mkono. Ile nyeusi iende hotelini, wageni wakajidanganye nayo.

Sasa mashine iko chini, imekuja kwa mkokoteni. Mke wangu aliipitia na kuitazama, akasema angalau haina saruji. Vijana walikwisha kuja, na kila mmoja ataka kuona Winchi aivute mpaka mwisho. Niliwaambia leo imechoka na safari. Nilipoona wanaondoka wakicheka nikawaita warudi, nikawaambia ukweli: kulia nitavuta, kushoto siwezi. Mmoja akauliza kama aweza kujaribu yeye, na wakanisahau mara moja. Sikujua kwamba ni rahisi hivyo kusahauliwa.

Lakini hao ni vijana wa mtaa. Serahangi ni mwengine.

Kesho baada ya Alfajiri nitakwenda nyumbani kwake. Huenda akanitafutia kazi ya kuhesabu mizigo gatini. Huenda akaniambia nirudi nikiwa mzima, na mtu kama mimi akisharudishwa nyumbani, wako mia mlangoni wangojea nafasi yake. Mke wangu nimekwisha kumwambia. Alisema tutakula tutakachopata, akaendelea kushona, lakini sindano ilimchoma kidole.

Ya kusema ni haya tu: mkono wangu wa kushoto haufai, usimweke mtu chini yangu. Nimeyajaribu kwa sauti humu chumbani. Yanatoka. Tabu ni kwamba kila nikifika mwisho mdomo wataka kuongeza kitu cha kuchekesha, na serahangi akicheka, atadhani ni mzaha, na Jumatatu yule kijana atasimama chini yangu.

Je, nitaweza kusema neno moja maishani mwangu, kisha nikanyamaza?